Bayege wa Usukuma na Windo la Kwanza la Mwanagenzi

Mtu apitaye leo katika Ilemela, akianzia Mwaloni Kirumba ambako dagaa huuzwa kwa magunia, akapita Pasiansi na uwanja wa ndege, akaendelea na njia ya Igombe na Sangabuye mpaka akafika Kayenze, hukutana na ng'ombe na mbuzi, na juu ya majabali makubwa yaliyopandana kandokando ya ziwa huwaona pimbi wakiota jua. Na ingawa wajuzi wa elimu ya wanyama wanasema kwamba pimbi huyo mdogo ni jamaa wa tembo kwa nasaba, mpitaji hawezi kwa macho yake kukisia kwamba nchi hii, pamoja na Usukuma wote ulio nyuma yake, ilikuwa katika karne ya 19 nchi ya wasasi mashuhuri wa tembo, wenye chama chao, viongozi wao, dawa zao, nyimbo zao na adabu zao. Chama hicho kiliitwa Bayege. Nimeazimia kuandika habari zake kwa sababu mahsusi: katika mambo yote yanayosimuliwa juu ya wasasi wa tembo, lililonivuta kuliko yote si ujasiri wa kumkabili mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu, kwani majasiri wamekuwako kila mahali na kila zama, bali ni namna walivyomlea mtu aliyekuwa akienda porini kwa mara ya kwanza, hata windo lake la kwanza likawa ni kazi ya wenziwe, na fahari yao, na deni lao.

Usukuma tangu zamani ni nchi ya vyama. Wako Bayeye, ambao kazi yao ni nyoka: kuwakamata, kuwafuga, kucheza nao mbele za watu na kuwatibu walioumwa, wako Banunguli, ambao humfuata nungunungu mpaka ndani ya shimo lake, na walikuwako Bayege, ambao ndio waliopata heshima ya kumfuata tembo. Mtu hakuingia katika chama cha namna hii kwa kununua mkuki na kutoka nao peke yake alfajiri. Aliingia kwa mlango uliojulikana: alimwendea mwalimu, akatoa ada, akapewa dawa na miiko, akafunzwa nyimbo, na tangu hapo akawa na mlezi ambaye neno lake porini halikujadiliwa. Wako katika wasomi wetu wanaoona haya kulitaja neno dawa katika habari kama hizi, wakaliruka upesi ili waonekane watu wa zama mpya. Mimi sioni sababu ya haya hiyo. Kijana aliyechanjwa na mzee aliyekwenda porini mara nyingi na kurudi salama hakutoka nyumbani na unga wa mizizi peke yake. Alitoka na yakini kwamba mtu mwenye maarifa amemdhamini, na yakini hiyo ndiyo iliyomzuia kukimbia katika dakika ambayo kukimbia kungewaua watu watatu.

Kwa maana tembo si mnyama wa kujifunzia kwa kukosea. Dume aliyekomaa hufikia uzito wa tani sita, na anapokuja kwa ghadhabu hakuna mbio za mwanadamu ziwezazo kumwacha nyuma. Macho yake ni hafifu, lakini pua yake humletea habari kutoka mbali sana. Kwa hiyo elimu ya kwanza ya msasi si ya mkuki wala ya upinde, ni ya upepo. Wasasi wa tembo katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki walichukua kifuko cha majivu laini, wakakitikisa kila baada ya hatua kadhaa, na kule yalikopeperukia majivu ndiko walikojua kwamba harufu yao inakwenda; na pepo za kandokando ya ziwa ni za kigeugeu, asubuhi zikitoka nchi kavu kwenda majini, mchana zikirudi kutoka majini kuja nchi kavu, hata mtu aliyeanza kumnyemelea mnyama kwa salama huweza kusalitiwa na upepo kabla jua halijafika utosini. Kifuko hicho chepesi kilikuwa mzigo wa kumfaa mwanagenzi. Asiyejua mambo angedhani amepewa kazi ya mtoto. Kumbe amepewa uhai wa wote, na tena amewekwa karibu na mlezi wake, mahali ambapo kila kigeugeu cha upepo na kila uamuzi unaofuata ataviona kwa macho yake.

Baada ya upepo huja nyayo. Mwanagenzi alifundishwa kwamba ukiuzungusha uzi kwenye alama ya mguu wa mbele wa tembo, kisha ukauzidisha mara mbili urefu wake, umepata kwa karibu sana kimo cha mnyama huyo begani. Na kwamba mistari na nyufa zilizochorwa chini ya mguu hazifanani kwa tembo wawili, hata mfuataji mwenye nadhari huweza kumshika dume mmoja katika njia iliyokanyagwa na kundi zima, wala asimpoteze. Alifundishwa kutia mkono ndani ya kinyesi apime joto lake, kutazama tawi lililovunjwa kama utomvu wake umekauka au bado unatoka, kutazama kama umande umekwisha pangusika kwenye majani ya njia. Mambo haya hayafundishiki kwa maneno. Hufundishwa kwa mzee kuinama, akamwashiria kijana naye ainame, wote wawili wakatazama kitu kimoja kwa kitambo kirefu, pasipo mmoja wao kusema. Na mzee aliyekuwa na haraka, au aliyetaka sifa zote ziwe zake, hakuweza kuwa mwalimu wa kazi hii.

Silaha zilikuwa mikuki na mishale ya sumu, na baadaye magobore. Sumu ya wasasi wa Afrika ya Mashariki aghalabu hutoka katika mti uitwao msunguti: vipande vya mti na mizizi hutokoswa kwa saa nyingi mpaka maji yakawa mazito meusi mfano wa lami, kisha ikapakwa kwenye kigumba cha mshale na kufungiwa ngozi nyembamba isikaushwe na jua wala isimguse aliyeibeba. Kazi yake ni kuusimamisha moyo. Wagiriama na Wakamba, ambao walikuwa mafundi mashuhuri wa sumu hiyo, walikuwa na namna yao ya kuijaribu ambayo kila nikiifikiri huona ndani yake tabia yote ya kazi hii: fundi alijichanja kidogo mwilini, akauacha uzi mwembamba wa damu utiririke, kisha akaigusisha sumu mwisho wa mtiririko, mbali na jeraha, damu ikaanza kuwa nyeusi, na weusi ule ukapanda juu kuelekea kwenye mchanjo, naye akautazama unavyopanda, akapima kwa mwendo wake ukali wa sumu yake, na kabla haujafika akaupangusa. Mtu aliyewatengenezea wenzake mshale aliujaribu kwanza kwa damu yake mwenyewe. Sidhani kwamba kijana aliyeshuhudia jambo hilo mara moja aliweza tena kuushika mshale huo kwa mchezo, au kuutupa ovyo kwa mnyama asiyekusudiwa, au kuuacha mahali ambapo mtoto angeuokota.

Huko mashariki, katika nyika iliyo nyuma ya Malindi na mto Galana, Waata waliwinda tembo kwa pinde ambazo kuzivuta kulitaka nguvu ya zaidi ya ratli 100, nao wakamkaribia mnyama mpaka zikabaki hatua chache tu. Upinde wa namna hiyo haukabidhiwi kijana kwa siku moja. Alianza utotoni na upinde mdogo, na kadiri alivyokua akapewa mwingine mgumu kuliko wa kwanza, mpaka siku ambayo wazee walimwona anauvuta wa mtu mzima pasipo mikono kutetemeka. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya wasasi wengi wa bara: mwanagenzi alipandishwa daraja kwa daraja, akatangulia kuwa mchukuzi wa maji na chakula, akawa mwangalizi, akawa mfuata nyayo, akawa mtupaji wa pili, na mwisho akaachiwa kutupa wa kwanza. Daraja hii ya mwisho ndiyo iliyowataka wenziwe ukarimu mkubwa. Katika makabila mengi mshale wa kwanza kumpata mnyama ndio wenye haki juu yake, na Wakamba walitia alama katika mishale yao ili ugomvi usitokee juu ya mauti ya nani ni ya nani. Kwa hiyo fundi mwenye mkono ulionyooka, aliyeweza kuitwaa haki hiyo yeye mwenyewe, aliposimama kimya nyuma ya kijana akamwachia yeye alenge, alikuwa ametoa kitu ambacho yeye mwenyewe angekihitaji. Tena alisimama si kama mtazamaji, maana ikiwa mkono wa kijana ulikosa, au mnyama akageuka, yeye ndiye aliyepaswa kuwa mbele.

Wala msaada haukuishia porini. Wasasi wa tembo wa makabila mengi waliamini kwamba mwenendo wa mke nyumbani humfuata mume huko aliko, na kwamba mke asiyetunza miiko huweza kumponza mumewe mbele ya mnyama. Kwa hiyo windo la kwanza la kijana liliwafunga kwa ahadi hata watu ambao hawakuliona pori. Nakiri kwamba desturi hiyo iliwaonea wanawake, kwa kuwa aibu ya mwanamume aliyekosa shabaha, au msiba wa aliyekanyagwa, uliweza kutupwa juu ya mke aliyekuwa akitwanga nyumbani, asiyekuwa na shahidi wa kumtetea. Lakini ndani ya dhuluma hiyo ilikuwamo imani iliyowaunganisha wote, kwamba hakuna anayewinda peke yake.

Mnyama alipoanguka, aghalabu mkia wake ulikatwa kwanza, uwe ushahidi wa aliyemwangusha, kisha habari ikapelekwa kwa mtemi, yaani mwenye nchi. Sheria iliyojulikana Unyamwezini na katika nchi nyingi za bara ilisema kwamba pembe ya upande ulioangukia ardhi ni ya mwenye nchi, na ile ya juu ni ya msasi. Na ngozi za simba na chui nazo zilikuwa hidaya ya mtemi, kwa kuwa ndizo alizozikalia na kuzivaa. Nyama ilikuwa ya watu. Tembo mmoja huwashibisha wa vijiji kadhaa, na waliofika kwa visu vyao hawakuuliza kwanza kama wana jamaa miongoni mwa wasasi. Hapo ndipo kijana alipojua maana ya ufundi aliofunzwa: usiku ule jina lake liliingia katika nyimbo za chama, na mlezi wake alipata sifa kwa sababu yake.

Sasa yapasa kusema habari za pembe, kwa kuwa pembe ndiyo iliyowainua Bayege na pembe ndiyo iliyowaharibu. Mpelelezi Mwingereza Speke alipofika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, akitoka Tabora alikomwacha mwenziwe Burton hawezi, biashara ya pwani ilikuwa imekwisha kuingia bara. Na mpelelezi Stanley alipopiga hema Kageye, pwani hiyo hiyo ya ziwa upande wa mashariki wa mji wa leo, tarehe 27 Februari 1875, alimkuta mfanyabiashara wa kipwani Songoro bin Tarib amekwisha kuweka makazi yake hapo, na jahazi lake linaundwa Ukerewe. Pembe kubwa, ambazo wafanyabiashara waliziita buri, na ndogo, ambazo waliziita kalasha, zilipimwa kwa frasila, kipimo cha uzito cha zama hizo, zikapagazwa mabegani mwa Wasukuma na Wanyamwezi kwa miezi mitatu au zaidi, zikashuka Bagamoyo na kuvuka kwenda Unguja, na huko zikapelekwa Bombay, London na Marekani zikawa bangili, mipira ya biliadi na vitufe vya piano.

Burton ameandika kwamba Wanyamwezi waliona upagazi kuwa ndio kipimo cha mwanamume, na kwamba watoto wao waliwekewa kalasha begani tangu wadogo ili mwili uzoee mzigo. Hapa naona alama ya mafunzo yale yale. Mpagazi wa safari ya kwanza, asiyejua wapi maji yamekauka na wapi hongo, yaani ushuru wa njia, ni kali, alihitaji mlezi kama alivyomhitaji kijana wa windo la kwanza mbele ya tembo. Na nyimbo za kuwinda zikapokewa na wapagazi, zikabadilishwa maneno, zikaimbwa njiani chini ya mizigo ya frasila mbili mbili.

Walakini biashara ilileta haraka, na haraka ni adui wa malezi. Gobore halikutaka miaka ya kuuzoeza mkono. Mtu aliyekopeshwa bunduki na baruti na mfanyabiashara alidaiwa pembe, wala hakuulizwa alifunzwa na nani. Na tembo, ambao mshale ulikuwa ukiwapunguza mmoja mmoja, walianza kuhama na kuisha, hata wasasi wakalazimika kwenda mbali zaidi mwaka hata mwaka. Kisha mambo yakafuatana kwa upesi. Takriban mwaka 1891 ugonjwa wa sotoka uliingia ukaua ng'ombe kwa maelfu, na nyati na nyumbu pamoja nao, ukaacha njaa. Mwaka 1896 Gavana Wissmann akatoa amri ya wanyamapori katika nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani, na kuwinda tembo kukataka kibali na ada. Waingereza walipoishika Tanganyika waliunda idara ya wanyamapori mwaka 1919 na kutoa sheria yao mwaka 1921. Mkutano wa London wa mwaka 1933 ukazikataza sumu, mitego na mashimo. Na sheria ya mwaka 1951, mwaka ule ule ambao Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, ikaukaza uzi zaidi.

Sisemi kwamba sheria hizi hazikuwa na haja. Tembo walikuwa wakiangamia, na waliowaangamiza hawakuwa wenyeji peke yao. Simba wa Serengeti walipigwa kwa risasi kutoka ndani ya motokaa katika miaka ya 1920 mpaka wazungu wenyewe wakalalamika. Nisemalo ni kwamba sheria hizo ziliubadilisha uwindaji ukawa jambo la mtu mmoja na karatasi yake. Aliyeweza kulipia leseni aliruhusiwa kumpiga tembo hata kama hajapata kumwona tembo maishani mwake, na aliyefunzwa tangu utotoni na mabingwa watatu, asipokuwa na fedha ya leseni, aliitwa mwizi katika pori la babu zake. Karatasi haikuuliza habari za mlezi, wala za ahadi, wala za nani atakayesimama mbele mkono ukikosa.

Mfano wake mkubwa ni safari ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, ambaye alitua Mombasa mwaka 1909 pamoja na mwanawe Kermit, akapita Kenya na Uganda mpaka Sudani, akiwakusanyia wanyama makumbusho ya Smithsonian. Baba na mwana waliua kwa bunduki zao wanyama 512, na kitabu alichoandika kikasomwa duniani kote. Naye hakwenda peke yake: mbele yake walikuwako wafuata nyayo, ubavuni wachukua bunduki, nyuma wapagazi wapatao mia mbili na zaidi, na kiongozi wa msafara, Cunninghame, aliyeijua kazi hiyo kwa miaka mingi. Wote hao walimsaidia mgeni afanikiwe katika windo lake la kwanza la tembo, kama Bayege walivyomsaidia kijana wao. Tofauti ni kwamba msaada huu ulikuwa umenunuliwa kwa mshahara, na haki ya mnyama ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla mnyama hajaonekana. Mfuata nyayo aliyemwonyesha tembo hakungojea kwamba siku moja Roosevelt atasimama nyuma ya mwana wa mfuata nyayo huyo amwachie alenge. Deni lilikoma mshahara ulipolipwa.

Na Bayege wenyewe walikwenda wapi? Walikwenda shambani. Pamba ilipoingia Usukuma na kuenea, hasa baada ya vita vya pili vya dunia, wakati serikali ilipofungua ardhi mpya Geita na miti ikakatwa kwa maelfu ya eka ili mbung'o waishe, mahali walipokaa wanyama wakubwa pakawa mashamba. Na mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba chini ya uongozi wa Paul Bomani viliungana vikawa chama kikuu cha Victoria, kimoja cha vikubwa kabisa katika Afrika. Watu husema kwamba ushirika huo ulifundishwa na maafisa wa serikali. Walioutazama Usukuma kwa karibu wanajua kwamba Wasukuma walikuwa na elika, yaani vikundi vya vijana wa kulimiana mashamba, vyenye kiongozi, nidhamu, ngoma na ada, na kwamba vikundi hivyo vilipokea mengi kutoka vyama vya wasasi na wapagazi waliovitangulia. Mtu akiitazama ngoma ya Bugobogobo leo, majembe yakirushwa na kudakwa kwa pamoja mbele ya ngoma kubwa, aliyezoea akiweka mwendo na mgeni akichukuliwa katikati ya safu asiachwe nyuma wala asiaibike, anaona adabu ya porini imehamia katika tuta la shamba. Banunguli nao hawakuacha kazi yao, kwa sababu nungunungu hakuisha kama tembo. Yeye ni adui wa mihogo, viazi na karanga, na kuingia kwa tumbo katika shimo lake jembamba lenye giza, ambalo huweza kuporomoka au kuwa na nyoka, ni windo ambalo mtu hajaribu mara ya kwanza pasipo mwenzake kuwa mlangoni.

Yapasa pia kusema kwa uwazi kwamba desturi ya kumtukuza msasi, ikikatwa na malezi yake, huleta madhara. Wasukuma walipohamia kusini na mifugo yao, hasa tangu miaka ya 1970, wakafika mpaka Rukwa na Katavi, waliendelea na ada ya zamani ya kumshangilia aliyemwua simba: muuaji hupambwa, huzunguka na ngoma nyumba kwa nyumba, na wenye ng'ombe humpa zawadi kwa kuwa amewalindia mifugo. Ada hiyo ilikuwa na haki yake pale ambapo simba alikuwa amevamia zizi. Lakini watafiti waliofanya kazi huko walikuta kwamba baadhi ya vijana wamekuwa wakiwafuata simba ambao hawajadhuru mtu wala ndama, ili wapate kucheza na kupokea zawadi. Na ndipo ulipoanzishwa mradi wa WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira, ambao uliwaendea wazee na viongozi wa Wasukuma wenyewe, na vijiji vikatunga sheria ndogo za kukataza zawadi kwa aliyeua simba asiye na kosa. Naiheshimu njia hiyo kwa sababu iliingia kwa mlango wa desturi. Zamani mlezi alimzuia kijana asimpige mnyama asiyekusudiwa; leo kijiji kimeichukua kazi ya mlezi.

Serikali huru nayo ilipita katika njia ngumu. Uwindaji ulisimamishwa nchini kote mwaka 1973 mpaka 1978. Sheria mpya zikatungwa mwaka 1974 na tena 2009. Msako wa majangili ulioitwa Operesheni Uhai ukapigwa mwaka 1989. Na bado hesabu ya serikali iliyotoa tembo 109,051 mwaka 2009 ilitoa 43,330 tu mwaka 2014. Waliowaua hawakuwa wanagenzi wa chama chochote. Walikuwa watu wa bunduki za kivita na wanunuzi wa mbali, wasio na mtemi wa kumpelekea pembe ya chini wala kijiji cha kugawiana nyama, hata mizoga ikaachwa ioze na nyuso zimekatwa.

Katika vita dhidi ya majangili hao Ilemela ina sehemu yake ambayo wenyeji wake wengi hawaikumbuki wanapopita barabarani. Hapo Pasiansi, kati ya mji na uwanja wa ndege, pana Chuo cha Taaluma ya Wanyamapori, ambacho tangu miaka ya 1960 kimekuwa kikiwafunza askari wa wanyamapori wa nchi nzima. Vijana wanaotoka hapo husambazwa katika mapori na hifadhi, Serengeti, Selous, Rungwa na kwingineko, na elimu wanayoihitaji, ukiacha sheria na silaha, ni ile ile ya Bayege: upepo, nyayo, kinyesi, tawi lililovunjika, subira, na kutomwacha mwenzako. Askari wa doria ya kwanza, anayewafuata majangili wenye bunduki katika pori asilolijua, yumo katika hatari ile ile aliyokuwamo mwanagenzi wa karne ya 19, na anahitaji mtu wa kusimama nyuma yake kwa moyo ule ule.

Upande wa pili wa mji, Kisesa, kipo kilima cha Bujora, ambapo Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alianzisha pamoja na Wasukuma katika miaka ya 1950 makumbusho ya mila zao; na kila mwezi wa Juni, katika sikukuu ya Bulabo, vyama vya ngoma hushindana hapo mbele za maelfu ya watu. Kutoka Pasiansi mpaka Bujora ni safari isiyomaliza hata asubuhi moja kwa daladala. Nawasihi walimu wa chuo hicho wawapeleke wanafunzi wao Bujora kabla hawajatawanyika maporini, wakazisikilize nyimbo za kazi na kuwauliza wazee namna babu zao walivyompokea mtu wa windo la kwanza. Na nawasihi wazee wa Ilemela, Magu na Kwimba ambao walirithi nyimbo za Bayege kwa baba zao wasizifiche kwa kudhani kwamba zama zimezikataa. Waziimbe mbele ya vijana wenye kalamu na vinasa sauti, na wawatajie pia, pamoja na majina ya waliomwangusha tembo, majina ya walezi waliowafunza, kwa kuwa hayo ndiyo yanayopotea kwanza.